Chiriku Mbele ya Walimu Watatu

Duka la Kunyolea,
Mlango wa pili baada ya fundi cherehani,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe unayeishi karibu na mawingu? Nakusalimu kwa mikono yote miwili, hata huu unaoshika wembe. Hali yako ikoje? Kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekwisha, au bado kinakuamsha? Na mgongo je, baada ya kukaa kutwa nzima ndani ya kile kibanda cha kreni? Unakula? Usinijibu "nakula" tu kama unavyomjibu daktari. Niambie unakula nini na mara ngapi kwa siku.

Sisi huku hatujambo. Goti la wifi yako limetulia. Mimi ni mzima, tena nazidi kupendeza, wateja wenyewe wanakiri. Kile kiti cha pili cha dukani bado hakizunguki, lakini nimekiwekea mto mwekundu, basi watu wanadhani ni cha waheshimiwa na wanagombea kukikalia. Mwanao ni mzima. Anakula, analala, amerefuka, viatu vya shule vimeanza kumbana.

Barua yako niliipokea Jumanne. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikaa chini. Unasema walimu wamekuandikia kwamba mtoto hawezi kusimama akasema mbele ya watu, na kwamba huenda akarudia darasa. Unasema umeshaandika barua ya kuacha kazi na iko chini ya mto wako. Mdogo wangu, iache hapohapo chini ya mto. Usimpe bosi wako hata aione bahasha. Soma kwanza hii yangu, mstari kwa mstari, wala usiruke kwenda mwisho kama unavyofanya na magazeti. Wifi yako anasema nikuandikie jibu hapa juu kabisa upumue. Nimekataa. Ukijua mwisho hutasoma makosa yangu, na makosa yangu ndiyo barua yenyewe.

Sasa nikueleze lilivyokuwa, maana walimu wanaandika kwa ufupi sana. Katika darasa la tano kuna mtihani wa kusema. Mtoto anasimama mbele ya wenzake na walimu watatu, anaeleza kazi ya mtu mmoja wa nyumbani kwao kwa dakika tano, halafu anaulizwa swali. Asiyepata alama za kusema hapandi darasa la sita hata kama hesabu anazijua mpaka za kodi. Mara ya kwanza Chiriku wetu alisimama, akatazama viatu vyake, akanyamaza mpaka kengele ikalia. Sifuri. Wakampa nafasi moja tu ya kurudia, Alhamisi ya juzi, basi.

Chiriku! Wewe unamjua mwanao. Jina hilo hatukumpa bure. Hapa nyumbani akianza kusimulia jambo, maji ya chai yanachemka yanakauka yeye hajafika katikati. Lakini siku ile alirudi kutoka shule kimya kama redio iliyochomolewa. Akamwambia wifi yako, "Mama mkubwa, mimi nitarudia darasa. Afadhali nirudie kuliko kusimama tena pale." Tangu hapo kila asubuhi tumbo linamuuma. Si uongo, nilimpeleka zahanati, akapimwa kila kitu, hana mdudu hata mmoja. Ni hofu tu, imekaa tumboni kama mpangaji asiyelipa.

Nikasema, haya, hili ni langu. Kama kuna mtu duniani wa kumfundisha mtoto kusema, si mimi? Mimi niliyekata nywele katika bandari saba, nikawachekesha manahodha wa lugha nisizozijua! Shule niliiacha darasa la sita, lakini mdomo wangu una digrii. Wewe mwenyewe siku ya harusi yako nilisema dakika arobaini na watu wakaomba niongeze. (Najua utasema waliomba nimalize. Waliokuwa karibu yangu walisema niongeze.)

Basi nikapanga mpango wangu, na mpango wenyewe ulikuwa huu: mtoto anaogopa watu, kwa hiyo mpe watu. Wengi, kwa mpigo, hofu ife hapohapo.

Jumamosi duka likajaa, benchi lote, wengine wamesimama mlangoni. Unakumbuka ule ubao ninaoulaza juu ya mikono ya kiti ili watoto wadogo wafike juu? Nikauweka sakafuni juu ya makreti mawili, nikamsimamisha Chiriku pale. Hakuwa na habari. Alikuwa ameniletea chai. Nikazima mashine, nikapiga makofi, nikanguruma: "Mabwana, nyamazeni! Leo mpwa wangu anawahutubia! Atawaeleza kazi ya kinyozi!"

Maana mimi, mdogo wangu, nilikuwa nimeshaamua kwamba mtu wa nyumbani wa kuelezwa ni mimi. Sikumuuliza.

Watu wote wakageuka. Mmoja alikuwa amenyolewa nusu kichwa, naye akageuka. Mtoto akashika gauni lake kwa mikono miwili. Mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Nikaona anahitaji msaada, nikamsaidia: "Kinyozi ni mtu ambaye..." Nikamtazama aendeleze. Basi nikaendeleza mwenyewe. Nikaeleza wembe, nikaeleza bandari, nikaigiza yule nahodha aliyelala kitini akaamka hana masharubu. Duka lilicheka mpaka watu wa barabarani wakasimama. Walipiga makofi, na mimi nikainama kushukuru. Nilipoinuka ubao ulikuwa mtupu.

Nilimkuta chumba cha nyuma, amekaa kati ya ndoo na magunia ya taulo, uso ukutani. Nikamwambia, "Si umeona ilivyo rahisi?" Hakunijibu siku ile, wala Jumapili. Jumatatu alinijibu "ndiyo" moja, tena kwa sababu nilimuuliza kama anataka kalamu.

Nakuandikia haya ili unitukane ukiwa mbali. Tukana, kisha uendelee kusoma.

Aliyenizindua ni jirani yangu fundi cherehani. Humjui, alihamia baada ya wewe kuondoka. Ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja ya kuona sindano na nyingine ya kuona wateja wasiolipa, na ulimi ambao hata mimi naukwepa. Jumanne ile aliingia kuazima mafuta ya mkasi. Chiriku alikuwa amekaa kwenye benchi na daftari lake.

"Hujambo, mwanangu?" fundi akamuuliza.

"Hajambo," nikasema.

"Uko darasa la ngapi vile?"

"La tano, anaingia la sita."

"Na unapenda somo gani?"

"Huyu? Hesabu! Hesabu anazila kama..."

Fundi cherehani akaweka kichupa cha mafuta chini. Akanigeukia. "Wewe kinyozi, nimekuuliza wewe?"

"Si namsaidia?"

"Unamsaidia kupumua pia? Miezi saba nimekaa ukuta mmoja na nyinyi. Sauti yako naijua mpaka kikohozi. Ya huyu mtoto sijawahi kuisikia humu ndani. Kila akifungua mdomo unamfunga."

Nikacheka, si unanijua. Nikamwambia ana wivu kwa sababu cherehani yake haina mzaha. Naye akasema, "Haya. Nyamaza mpaka nitoke humu dukani. Dakika tano tu. Ukiweza, nakushonea shati bure."

Mdogo wangu, shati sikulipata. Nilikaa labda dakika moja na nusu. Alimuuliza Chiriku, "Daftari hilo la nini?" Mtoto akanitazama mimi. Hakumtazama aliyemuuliza, alinitazama mimi, kama mtu anayengoja lifti ifike. Na mimi, ulimi wangu ukijua kabisa kwamba umekatazwa, nikasema, "La michoro."

Fundi hakucheka. Alichukua mafuta yake akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Umeona mwenyewe."

Niliona. Nilinyoa watu wanne mchana ule na sikumbuki kichwa cha hata mmoja. Nilikuwa nahesabu mambo. Ni nani anayemwagizia Chiriku soda? Mimi. Ni nani aliyewajibu walimu siku tulipomwandikisha shule? Mimi. Mwaka mzima umeniachia mtoto wako, na mwaka mzima nimesema mambo yake yote kwa niaba yake, kwa mapenzi, kwa mbwembwe, na kwa kupigiwa makofi. Nyumbani anasema kwa sababu nyumbani sipo, nipo dukani. Wapi atajifunza kusema mbele ya watu, ikiwa kila penye watu nimeshasema mimi?

Hapo ndipo nilipokaza mkanda. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku mbili. Nikamwambia wifi yako, "Mtoto huyu hatarudia darasa. Hata ikibidi nishone mdomo kwa uzi wa jirani." Wifi yako akasema uzi hautatosha.

Kwanza nilikwenda kumwomba msamaha, na sikufanya mzaha hata mmoja, mtoto akaogopa akadhani kuna msiba. Nikamuuliza, "Wewe ulitaka kueleza kazi ya nani?" Kisha nikauma kitana. Ndiyo, kitana cha dukani, nikakiweka katikati ya meno ili nisiweze kumjibia. Niligundua dawa hiyo mwenyewe na ningekuwa mtu wa hospitali ningeiuza. Akakitazama kitana, akacheka kidogo. Nilingoja muda mrefu, nakuambia, ungeweza kushusha mzigo mmoja na kupandisha mwingine. Mwisho akasema, "Ya mama."

Mimi nilitegemea ni kinyozi bado. Nililimeza hilo pamoja na meno mawili ya kitana.

Kisha nikamwendea mwalimu wake wa darasa, binti mdogo mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Nilimweleza yote, hata ule ubao na makreti. Akasema watoto kama hawa hawaponi kwa kusukumwa mtoni, wanapona kwa kuingia maji ya kifundo, kesho ya goti. Akaniuliza, "Dukani kwako kuna mtu asiyetisha?" Nikamwambia wote wanatisha, ndiyo maana wanakuja kunyolewa. Lakini njiani nikawaza. Nani dukani kwangu hamtazami mtu? Na jibu nililo nalo miaka ishirini na sita mikononi mwangu: yule aliye chini ya taulo la moto!

Anayenyolewa ndevu namlaza kitini, namfunika uso kwa taulo lenye mvuke ili ndevu zilainike. Haoni. Hasemi. Hatikisi hata kidole kwa dakika tano, na dakika tano ndizo za mtihani.

Mtu wa kwanza alikuwa mleta barua wa mtaa wetu, huyuhuyu atakayebeba bahasha hii. Ana ndevu ngumu kama brashi ya viatu, kila Jumatatu yupo. Nilimweleza kabla, akakubali. Nikamfunika. Nikauma kitana. Chiriku akasimama upande wa kichwa chake na daftari, akalisomea taulo.

Alisoma mistari miwili, sauti ya mbu. Akakwama. Kutoka chini ya taulo ikatoka sauti nzito: "Enhe? Ikawaje?"

Mtoto akaruka, kisha akasoma mistari mingine miwili.

Jumatano tukampata dereva wa lori, Ijumaa mwalimu mstaafu ambaye alilala akakoroma, na Chiriku akamsimulia mpaka mwisho hata hivyo. Alitoka pale ameudhika, anasema, "Mjomba, alikuwa amelala!" Nikatoa kitana nikamwambia, "Umeona? Amelala na wewe hujafa." Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu pekee wiki ile.

Wiki ya pili hakuna taulo. Watu wawili kwenye viti, nyuso kwenye kioo, yeye nyuma yao. Kioo ni kitu cha ajabu, mdogo wangu. Mtu anakuona lakini si kama anakutazama, na ukichoka unatazama sikio lake. Hapo daftari lilipiga kelele mikononi mwake kama karatasi ya biskuti. Siku moja aliacha katikati akaenda kutapika. Akarudi. Sikumwita, alirudi mwenyewe, akaanzia pale alipoachia. Wateja wawili walikuwa bado wamekaa, povu limewakauka mashavuni, hawakuthubutu kujipangusa. Wanangu wale nimewanyoa nusu bei.

Wiki ya tatu nikakanyaga pedali nikakizungusha kiti kile kimoja kinachozunguka. Uso kwa uso. Nani aliyekalia? Fundi cherehani, amekuja na miwani yake ya kutazamia watu, taulo shingoni kama bondia. "Haya, binti," akasema, "nieleze huyo mama yako anafanya nini huko juu, maana mjomba wako ameniambia mara kumi na sijaelewa." Chiriku akamweleza. Bila daftari. Alikwama mara mbili, mara ya pili kwa muda mrefu sana, nami niliuma kitana mpaka taya likaniuma kesho yake. Fundi naye aliweka mikono mapajani akangoja, kama mtu asiye na nguo hata moja ya kushona. Na mtoto akafika mwisho.

Usidhani hofu ilikwisha. Alhamisi asubuhi tumbo liliuma kama siku zote. Alikaa mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Akasema, "Mjomba, nikisahau?" Na mimi, nisiyekosa jibu duniani, nilimwambia ukweli: "Sijui. Lakini nitakuwepo, na sitasema kitu." Akafikiri. Akavaa kile cha pili.

Waliniruhusu kukaa nyuma, kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kifuani. Darasa lina watoto arobaini na moja. Ukutani kuna ramani iliyochanika kona. Mbele, meza moja na walimu watatu: yule binti wa chaki, mwalimu wa hesabu ambaye uso wake unafanana na sehemu za desimali, na mwalimu mkuu mwenyewe, mama mzito mwenye miwani ya kamba. Chiriku akaitwa jina lake kamili. Akaenda. Hatua zake nilizisikia zote.

"Naitwa hivi na hivi. Nitaeleza kazi ya mama yangu. Mama yangu ni dereva wa kreni."

Vizuri. Sentensi tatu. Kisha, mdogo wangu, ikakatika.

Alisimama. Akatazama viatu vyake, walisema ndivyo alivyofanya mara ile. Mikono ikashika sketi. Mtoto mmoja wa mbele akacheka puani, mwalimu wa chaki akamnyooshea kidole. Mwalimu wa hesabu akatazama saa. Na mimi maneno yote ninayo! Nayajua kwa moyo, nimeyasikia mara thelathini na mbili. Sentensi ya nne ilikuwa mdomoni mwangu, imekaa kwenye ulimi, imevaa koti, iko tayari kutoka. Ningeinong'ona tu angeisikia. Chiriku akainua macho akanitafuta, akanipata, akanitazama vilevile kama siku ile ya daftari.

Nimewahi kuwa kwenye meli iliyolala ubavu katika dhoruba, na watu wazima wakilia. Haikuwa ndefu kama pale. Nilikalia mikono yangu. Nikamtazama mtoto wako, nikafunga mdomo, nikamtikisia kichwa. Hapana. Si mimi.

Nilidhani nimemuua.

Akashusha pumzi, tukaisikia mpaka nyuma. Akageuza uso kutoka kwangu akamtazama mwalimu mkuu, akasema, "Naomba nianze upya."

Hatukumfundisha hilo. Nakuapia, si mimi, si fundi, si mwalimu. Sijui alilitoa wapi.

Mwalimu mkuu akasema, "Anza."

Akaanza. Sauti ilitetemeka kama redio yenye betri za mwisho, halafu ikashika. Dakika tano na nusu. Kuna mahali alionyesha kwa mikono jinsi watu wa chini wanavyokupa ishara, na darasa zima likainua shingo kutazama dari, nakuambia ukweli, watoto arobaini na moja na walimu wawili wanatazama dari kama vile utashuka. Mwalimu wa hesabu hakutazama juu. Alisahau tu kutazama saa.

Kisha swali. Tulikuwa tumejiandaa kwa maswali ya kreni: uzito, urefu, upepo. Mwalimu mkuu akavua miwani akauliza, "Mara ya kwanza ulinyamaza mpaka kengele. Kwa nini?"

Chiriku akafikiri. "Nilikuwa namngoja mjomba aseme."

"Na leo?"

"Leo mjomba amekataa."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Vichwa vyote vikageuka nyuma kunitazama, mimi na magoti yangu kifuani. Maisha yangu yote nimechekesha watu, lakini hiyo ndiyo siku niliyochekwa vizuri kuliko zote. Niliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba.

Amepita, mdogo wangu. Alama kumi na tisa katika thelathini. Mimi nilitaka kukata rufaa nipewe ishirini na nane, yule binti wa chaki akaniambia, "Baba, nenda ukanyoe watu." Anaingia darasa la sita. Imeandikwa, imepigwa muhuri, na wifi yako ameifungia karatasi hiyo kabatini pamoja na cheti chetu cha ndoa, ambacho sasa kimekuwa cha pili.

Kwa hiyo ile barua iliyo chini ya mto ichane. Usiiweke kwa ajili ya siku nyingine, ichane vipande. Umebakisha miezi kumi na minne ya mkataba, imalize uje kwa heshima zako. Mtoto hakuhitaji uje kumsemea. Wa kumsemea alikuwa naye tayari, ndiye aliyekuwa tatizo.

Wala sikudanganyi kwamba amepona. Jana aliitwa kusoma tangazo mbele ya shule akakataa, tumbo. Sawa. Jumatatu mleta barua atakuwa chini ya taulo kama kawaida na tutaendelea. Tena hatuko peke yetu: mwalimu ameniletea watoto wawili wa darasa lake, mmoja mwenye kigugumizi na mmoja anayelia akiitwa jina, na fundi cherehani ameongeza mwanawe. Kila Jumatatu alasiri nabandika karatasi mlangoni: ANAYENYOLEWA LEO ATASIMULIWA, ASIYETAKA AJE JUMANNE. Wateja wamezidi, tena wanaleta na wenzao. Kigugumizi wiki iliyopita alichukua dakika nne kusema jina la mtaa wao, na watu wazima sita wakangoja kwa adabu kama wako benki. Nitawafikisha hao wote. Niandikie chini, mimi nilivyo, hakuna atakayebaki.

Wewe nakupa kazi moja. Ukishaipata barua hii ukapiga simu, usiniulize mimi habari zake. Muulize yeye, kisha ungoje. Atanyamaza kwanza. Salio litakuwa linakwenda, utadhani laini imekatika, utataka kusema "haloo, haloo". Usiseme. Ngoja. Mimi nitakuwa nje ya nyumba, wifi yako ameahidi kufunga mlango kwa ufunguo.

Wifi yako anakusalimu sana, anasema umepungua kwenye ile picha. Fundi cherehani anakusalimu ingawa hamjuani, anasema anakujua kwa kusimuliwa. Mleta barua anakusalimu, ndevu zake ziko laini. Nisalimie binamu yetu Msumari huko aliko, mwambie nywele alizokatwa kwenye picha ni kesi ya polisi. Msalimie na huyo mpishi unayelala naye chumba kimoja, mwambie akupakulie zaidi.

Mungu akushike kila unapopanda na akushike zaidi unaposhuka, upepo ukuheshimu, na waya wako usikatike.

Utauliza, basi alisema nini kuhusu kazi yako hizo dakika tano na nusu? Ndugu yangu, nilikuwa nimeshakata karatasi nyingine nikuandikie neno kwa neno, maana nayajua yote. Chiriku alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, akasema, "Hayo usimwandikie, mjomba. Hayo nitamwambia mwenyewe."

Basi naishia hapa.

Ni mimi kaka yako akupendaye mpaka kwenye ncha ya wembe,

Kinyozi wa Bandari Saba